Maji ya Chumvi Hayakomazi Vidole

Swali limenifikia tena, safari hii kutoka kwa kijana aliyejiunga na klabu ya besiboli ya kizamani huko Ohio, Marekani: aloweke mikono kwenye maji ya chumvi kwa muda gani ili ikomae kabla msimu haujaanza? Mwenzake ameambiwa siki ndiyo yenyewe. Mwingine kasifiwa mafuta ya taa. Kazi yangu ni tiba ya mikono, na jibu langu halijabadilika: asiloweke hata dakika moja.

Klabu hizi, ambazo tangu 1996 zina chama chao, hucheza kwa kanuni za karne ya 19, nyingi kati yake zikichagua za 1860 au 1864. Hakuna glovu. Mrushaji husimama futi 45 kutoka kwa mpigaji na kurusha kwa chini, mkono ukipita ubavuni. Wapo wanaojifariji kwamba mpira wa enzi hizo ulikuwa laini. Kanuni za 1860 ziliutaka uwe na aunsi 5¾ hadi 6, yaani gramu 163 hadi 170, ilhali mpira wa besiboli ya leo haufiki gramu 150. Kiini chake ni mpira wa utomvu uliozongwa nyuzi za sufu, juu ukavikwa ngozi. Ukipigwa sawasawa na gongo la mti mgumu, hauna ulaini wowote wa kuzungumzia.

Sasa chumvi. Wanaoitetea huanza na jambo la kweli: kiganja cha mkulima ni kigumu kuliko cha karani. Lakini ugumu ule umeletwa na msuguano wa mpini, siku baada ya siku, mwaka baada ya mwaka. Haukutoka kwenye beseni. Maji ya chumvi kali na siki huikausha ngozi mpaka ipasuke, na mafuta ya taa huiunguza. Anayeloweka kwa wiki kadhaa anaingia uwanjani na nyufa vidoleni, tena kudaka mpira uliogaagaa kwenye udongo na kupita mikononi mwa kila mtu. Amejitafutia usaha kabla hata hajapigwa.

Tuseme, kwa ajili ya hoja tu, dawa imefanya kazi na ngozi imekuwa ngumu kama soli ya kiatu. Imemsaidia nini? Wachezaji hawaji kwangu kwa sababu ngozi yao ilikuwa laini. Wanakuja kwa sababu ya kano, viungo na mifupa midogo iliyo chini ya ngozi hiyo. Tazama jeraha ninaloliona zaidi. Mpira unagonga ncha ya kidole kilichonyooka. Kifundo cha mwisho kinakunjwa kwa ghafla, na kano inayokinyanyua inakatika, au inang'oka pamoja na kipande cha mfupa. Ncha inalala. Mwenye kidole anajitahidi kuinyoosha, haitii. Kano hiyo imepita mgongoni mwa kidole, mahali ambapo ngozi ni nyembamba kwa kila binadamu, na nguvu iliyoikata imeingilia kwenye ncha na kupita ndani ya mfupa. Kiganja kigumu kingeizuia kwa njia gani? Nimewauliza swali hili watetezi wote wa chumvi, na bado nangoja jibu.

Imani hii ina ndugu yake, naye ana madhara makubwa zaidi. Kidole kikigongwa, hakosekani mtu wa kukishika na kukivuta eti kirudi mahali pake, kisha akichue kwa dawa ya moto. Nimelikuta jambo hili Ohio, na nililikuta Dar es Salaam kwenye kikapu na netiboli. Huyo mvutaji hajui kama kidole kimeteguka au kimevunjika, kwa sababu kwa macho huwezi kujua. Kama mfupa umevunjika, ameutenganisha. Kama kano imebaki inaning'inia, ameimalizia. Na kule kuchua kwa joto kunazidisha damu na uvimbe katika saa ambazo kidole kinahitaji baridi na utulivu.

Wala tusiwasingizie wachezaji wa kale kwamba walikuwa na mikono ya chuma. Doug Allison, mdakaji wa Cincinnati Red Stockings, alivaa glovu za ngozi mwaka 1870 kwa sababu mikono ilikuwa imeumia. Charles Waitt alivaa yake mwaka 1875, ya rangi ya ngozi ili watazamaji wasiione. Albert Spalding akaifuata 1877, na yeye akavaa nyeusi bila kificho. Hawa waliishi kwa mikono yao, na chumvi ilikuwepo katika kila jiko. Walichokimbilia ni ngozi ya mnyama.

Kabla ya glovu, ulinzi ulikuwa ndani ya kanuni zenyewe. Mpaka mwisho wa msimu wa 1864, mpira uliodakwa baada ya kudunda mara moja ulimtoa mpigaji sawa na uliodakwa hewani. Mdakaji wa nyuma ya mpigaji naye alisimama mbali na kuupokea ukiwa umeshadunda. Ndiyo maana nakasirika nikiona vijana wanazomeana kwa kungoja mdundo. Kanuni imewapa haki hiyo, nao wanaitupa ili waonekane mashujaa, halafu Jumatatu wako mlangoni kwangu.

Basi fanyeni hivi. Vueni pete zote, maana kidole kikivimba pete hukata damu. Daka kwa mikono miwili, viganja vikitazama mpira, vidole vikielekea juu au chini kulingana na urefu wake, kamwe visiuelekee mpira wenyewe. Unapogusa, rudisha mikono nyuma pamoja nao. Mpira mkali, rudi hatua mbili uache udunde. Ukigongwa, toka uwanjani, weka barafu iliyofungwa kitambaani, inua mkono juu ya moyo. Kidole kilichopinda, kilicholala ncha au kisichokunjika kipigwe eksirei. Ncha iliyolala hufungwa kibanzi ikiwa imenyooka kwa wiki 6 hadi 8, usiku na mchana, hata wakati wa kuoga. Ukiiacha ikunjike hata mara moja, hesabu inaanza upya.

Asiyeweza kuvumilia wiki hizo bila kuchungulia kidole chake aniambie mapema, tumpigie kibanzi asichoweza kukivua. Na anayekuja kesho kuniuliza kuhusu siki, jibu amelisoma hapa.