Wakili yuko mbali, nani atamshika mkono mjane wa Karurumo?

MWANAMUME akifariki katika vijiji vya Karurumo, wilayani Embu Mashariki, mara nyingi kilio hakijanyamaza kabla ya ugomvi wa shamba kuanza. Shemeji wanataka kahawa, wana wa kiume wanataka mipaka, na mabinti walioolewa wanaambiwa hawana lao. Mjane naye hukaa kimya, kwa kuwa hatimiliki ingali kwa jina la babamkwe aliyezikwa zamani.

Jambo hili lina chanzo chake. Mashamba ya huku yalipopimwa na kusajiliwa miaka ya 1950 na 1960, majina yaliyoandikwa yalikuwa ya wanaume. Wengi wao wamekwisha kufa na wajukuu wanalima shamba lisilo lao kwa maandishi.

Mahakama si mbali, kwani iko Runyenjes, na Mahakama Kuu iko mjini Embu. Lililo mbali ni ada ya wakili. Hapo ndipo anapohitajika msaidizi wa kisheria, au paraligali kama wengi wanavyomwita.

Yeye ni nani hasa?

Huyu si wakili. Hasimami mbele ya hakimu kumtetea mtu, wala hatozi ada kama wakili. Kazi yake ni kumweleza mwananchi haki zake kwa lugha anayoielewa, kumwonyesha ofisi ya kuendea, kupatanisha wanaogombana na kupeleka kwa wakili kesi inayomzidi.

Nchini Kenya kazi hii haikuanza jana. Kituo cha Sheria, kilichoanzishwa mwaka wa 1973, na mashirika mengine yamewafunza wanavijiji na hata wafungwa kwa miaka mingi. Lakini ni Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka wa 2016 iliyowapa wasaidizi hawa nafasi rasmi. Sheria hiyo inataka msaidizi awe amehitimu mafunzo katika chuo kilichoidhinishwa na Baraza la Elimu ya Sheria, na afanye kazi chini ya uangalizi wa wakili au shirika linalotambuliwa.

Kwa hivyo, mzazi, kabla ya kuuza ng'ombe ili kumlipia mwanao karo ya kozi ya cheti, uliza kwanza iwapo chuo hicho kimeidhinishwa. Cheti chenye mhuri mkubwa na rangi za kupendeza hakitamfaa kitu ikiwa chuo chenyewe hakitambuliwi.

Anafunzwa nini?

Mwanafunzi husoma Katiba ya mwaka wa 2010, sheria za ardhi, mirathi, ndoa, watoto, ajira na makosa ya jinai. Hujifunza kumhoji mtu anayelia bila kumharakisha, kuandika maelezo kwa ufasaha, na kutunza siri. Mwenye mdomo mwepesi asijaribu kazi hii.

Turudi kwa mjane wetu. Msaidizi aliyefunzwa vyema atamwambia aanze na cheti cha kifo, barua ya chifu inayotaja warithi wote, na cheti cha 'sachi' kutoka ofisi ya ardhi. Kisha ombi hupelekwa mahakamani na kutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, na mwenye pingamizi hupewa siku 30. Hati ya usimamizi ikitolewa, kwa kawaida hungojewa miezi sita ndipo iombwe kuthibitishwa na shamba ligawanywe.

Atamweleza pia kwamba Sheria ya Mirathi haibagui mtoto wa kike, awe ameolewa au la. Na yule shemeji anayeuza mali ya marehemu bila idhini anavunja sheria. Kifungu cha 45 kinamwandalia faini ya hadi Sh10,000, kifungo cha hadi mwaka mmoja, au vyote viwili.

Msidhani haya ni ya mashamba tu. Mnamo Mei 27, 2013, Mahakama Kuu ya Meru iliamua kwamba polisi walikiuka haki za wasichana walionajisiwa kwa kutochunguza malalamiko yao ipasavyo. Ushindi huo ulianzia kwa watoto waliopata watu wa kuwasikiliza na kuyaweka maneno yao katika maandishi.

Wazee nao wana nafasi

Kuna wanaohofu kwamba wasaidizi hawa watawapokonya wazee kazi. La hasha! Kifungu cha 159 cha Katiba kinakubali upatanisho na njia za kimila, mradi zisivunje haki za binadamu. Wazee wa Njuri Ncheke huko Meru wanajulikana sana kwa kuamua kesi za ardhi. Msaidizi anaweza kuketi nao na kuwakumbusha kwamba binti pia ni mtoto. Lakini kesi ya unajisi isiishie barazani kwa mbuzi wawili. Hiyo ni ya polisi na mahakama.

Kazi yenyewe haitajirishi. Wengi huifanya kwa kujitolea, na wapo watakaoshawishiwa na 'chai' ya upande wenye pesa. Anayeipokea amekwisha kumuuza mjane.

Kijana aliyemaliza kidato cha nne na mwenye moyo wa subira asiidharau njia hii. Haki huanza kwa kuijua, na asiyejua hana budi kuelekezwa na jirani aliyejifunza.