Paini au mvinje? Fundi kijana wa Kwale, ijue mbao yako kabla ya kupiga msumari

UKIINGIA yadi ya mbao pale Ukunda na kuulizia mbao za kuezekea, utaambiwa paini ipo, saiprasi ipo, blugamu nayo ipo. Kazi ya kuchagua ni yako, na vijana wengi wanaoanza useremala huchagua kwa kuangalia bei tu.

Hapo ndipo shida huanzia. Paini ni nafuu na nyepesi kubeba, basi inapakiwa kwa tuktuk mbichi hivyo hivyo na kupigiliwa siku hiyo hiyo. Baada ya muda mteja anapiga simu: mlango umejipinda, mchwa wako darini. Huku Diani na Msambweni kazi hupatikana kwa watu kuambizana. Jina likiharibika, na hela zimekwenda.

Paini ndiyo msonobari. Aina inayopandwa sana Kenya, Pinus patula, asili yake ni Mexico na hupenda baridi ya nyanda za juu. Ndiyo maana mbao nyingi za paini zinazouzwa Pwani husafirishwa kutoka bara, na nyingine huvuka mpaka kutoka Tanzania.

Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma, na tangazo la kuondoa marufuku hiyo likaja Julai 2023. Katika miaka hiyo bei ilipanda, na miti michanga ya mashambani ikawa inapasuliwa mbao. Mbao changa utaijua kwa kutazama kichwa chake: duara zake ni pana na kiini cha mti kiko karibu. Hiyo hujipinda sana ikikauka, na nguvu zake ni kidogo.

Tusiitupe paini lakini. Ni laini kwa msumeno, inapokea randa vizuri, inashika gundi, na rangi yake ya manjano hupendeza ukiipaka vanishi. Kwa kabati, rafu, vitanda, dari na fremu za ndani, inafaa kabisa. Wajenzi pia huitumia kushikilia zege mpaka likauke. Ila kagua mafundo: fundo kubwa katikati ya mbao ya kubeba paa ni mahali pa kuvunjikia.

Adui zake Pwani ni watatu: unyevu, mchwa na hewa ya chumvi.

Kwa unyevu, ikaushe kwanza. Panga mbao kivulini, weka vijiti kati ya safu moja na nyingine ili upepo upite. Ukizianika kwenye jua kali zitapasuka. Ukizirundika mbichi bila nafasi, ukungu wa rangi ya buluu utaziingia. Kwa kazi za ndani, unyevu wa asilimia 12 hadi 15 unatosha.

Kwa mchwa, tumia dawa. Mbao iliyotiwa dawa kiwandani kwa mashine ya shinikizo hudumu zaidi, kwani dawa huingia ndani, tofauti na ile ya kupaka kwa brashi. Ukiikata, paka dawa tena pale ulipokata. Na nguzo isikae kwenye udongo mtupu, iinue juu ya zege.

Hapa sikiliza vizuri: dawa ya kijani inayotumika sana kwa nguzo huwa na shaba, kromiamu na aseniki. Vipande vinavyobaki kazini usiwape majirani wakapikie. Moshi wake na majivu yake ni sumu.

Kwa chumvi, karibu na bahari tumia misumari na skrubu zilizopakwa zinki. Misumari ya kawaida huliwa na kutu, na paa linalegea hata kama mbao bado nzima.

Sasa mvinje. Kwa majani yake kama sindano, wageni huufananisha na msonobari, lakini si jamaa yake. Mizizi yake huishi na bakteria wanaovuta naitrojeni hewani, kwa hivyo hustawi hata kwenye mchanga. Mwaka wa 1971 Rene Haller aliupanda kwenye machimbo ya saruji ya Bamburi, mahali ambapo miti mingine ilishindwa.

Mvinje ni mgumu na mzito kuliko paini, na hupasuka ukikauka, basi usiutafutie mbao za kabati. Kazi yake ni nguzo na makombamoyo, hasa ya majumba ya makuti. Miaka minne au mitano inatosha kupata mti wa kujengea, na nguzo ya mvinje inaweza kuchukua nafasi ya nguzo ya mkoko. Lakini nao ukichimbiwa ardhini bila dawa, mchwa hauusazi.

Kwa kijana mwenye kishamba cha mchanga Msambweni, hiyo ni riziki. Kwa aliye karakana, riziki iko kwenye maswali matatu ya kuuliza yadi: mti ulikuwa na umri gani, mbao imekauka, imetiwa dawa? Gharama ya kukausha na dawa iandike kwenye hesabu unayompa mteja, umweleze sababu yake. Akikataa kulipia, ajue mapema paa lake litadumu muda gani.