Vazi la Usaili, Vazi la Kamera

Msichana anayekwenda kwenye usaili wa uanamitindo kwa mara ya kwanza huvaa kama anayekwenda kwenye sendofu: gauni la kung'aa, wigi refu, kope za bandia, mchuchumio wa kuazima. Amependeza kweli, na tatizo linaanzia hapo. Waliokaa nyuma ya meza hawanunui gauni. Mbunifu ana nguo zake tayari, anatafuta mwili wa kuzivaa, na anataka kujua mambo machache tu: mabega yamekaaje, kiuno kinaanzia wapi, mwendo ukoje, uso usiopakwa kitu unaonekanaje. Kitambaa kinachoficha majibu hayo kinamlazimisha abahatishe. Mwenye foleni ndefu mlangoni habahatishi. Anaita jina linalofuata.

Ndiyo maana vazi la usaili wa jukwaani limekuwa karibu sare, iwe Dar es Salaam, Nairobi au Paris: jinzi nyeusi ya kubana, singlendi nyeusi au nyeupe isiyo na maandishi, na mchuchumio mweusi wa kawaida. Kwa wavulana ni fulana inayokaa mwilini, jinzi isiyochanwachanwa na raba safi. Nywele zibanwe nyuma, shingo na taya vionekane. Flaviana Matata alitwaa taji la Miss Universe Tanzania mwaka 2007 akiwa na kipara, akaenda nacho hivyo hivyo Mexico City na kuingia kumi bora ya dunia. Simshauri kila mtu anyoe, lakini wigi linalofunika nusu ya shavu halijamsaidia yeyote niliyemwona kwenye usaili.

Sare hii haihitaji duka la bei mbaya. Mtumba wa Mchikichini pale Ilala, au wa Gikomba kwa walio Nairobi, unatosha kabisa, mradi hela iliyobaki uipeleke kwa fundi cherehani. Jinzi nyingi za mtumba zilikatwa kwa miili ya watu wengine. Dada mwenye nyonga akiivaa, kiuno kinaachia nyuma na singlendi inajikunja pale pale. Fundi apunguze kiuno, na upindo uishie kwenye kifundo cha mguu ili mguu usionekane mfupi. Iliyopauka magotini iache sokoni. Mchuchumio nao uuvae nyumbani kwanza, kwenye sakafu ya vigae, maana jukwaa halina huruma na kiatu kigeni.

Ukipita mchujo huo, wakala atakupiga picha za ukutani, karibu na dirisha: mbele, ubavuni, mwili mzima. Wenyewe bado wanaziita polaroidi, ingawa kampuni yenye jina hilo ilitangaza mwaka 2008 kwamba inaacha kutengeneza filamu zake, na siku hizi simu inatosha. Vazi ni lile lile.

Matangazo ya biashara yana sheria nyingine. Huko mteja anatafuta mama wa sabuni, mwalimu au kijana wa bodaboda, na nguo inatakiwa imsaidie kukuona ndani ya nafasi hiyo bila kukuvisha mchezo wa kuigiza. Anayeomba nafasi ya muuguzi asije na koti jeupe. Blauzi safi yenye kola na rangi tulivu inasema vya kutosha. Epuka nembo yoyote, kwani kampuni ya simu haitarusha picha yenye jina la mshindani wake, na kuifuta ni gharama. Jezi za Simba na Yanga ziache nyumbani kwa sababu mbili: zina majina ya wadhamini kifuani, na nusu ya wateja watanuna. Kanga nayo inahitaji uangalifu ambao wageni hawaujui. Ina jina, na jina hilo watazamaji watalisoma. Tangazo la maziwa ya watoto halitaki kijembe cha mke mwenza kwenye bega la mama.

Tukiingia studio, anayekuangalia ni kamera, nayo haioni kama jicho. Mita yake ya mwanga hukisia kwamba kila kilicho mbele yake, kikichanganywa, ni kijivu cha wastani kinachorudisha takriban asilimia 18 ya mwanga. Mvishe mtu mwenye ngozi nyeusi shati jeupe pe, lijaze fremu: kamera itadhani mwanga umezidi, itaupunguza, na uso utazama gizani. Mpiga picha anayejua kazi atapima mwanga usoni badala ya kifuani. Uso utaokoka, ila huenda shati likaungua, likabaki bapa jeupe lisilo na mkunjo wala kishono. Krimu, rangi ya maziwa au samawati iliyofifia hupunguza pengo hilo. Nyeusi tii ina kasoro yake: mbele ya ukuta mweusi mabega humezwa, ukabaki uso unaoelea.

Ushauri mwingi wa mavazi unaosambaa haukuandikwa kwa kufikiria ngozi zetu, na historia ya picha zenyewe inaeleza kwa nini. Kuanzia miaka ya 1950 maabara za picha za rangi zilisawazisha mashine kwa kadi ya Kodak yenye sura ya mwanamke wa Kizungu, iliyojulikana kama kadi ya Shirley. Rangi yake ikitoka vizuri, kazi imekamilika. Wengine walitoka walivyotoka. Malalamiko yaliyosaidia kuisukuma kampuni kuboresha filamu upande wa rangi za kahawia yalitoka kwa watengenezaji wa samani na chokoleti, ambao mbao na bidhaa zao hazikutofautiana pichani. Kadi yenye wanawake wa rangi tofauti ilikuja miaka ya 1990. Kamera za leo ni bora zaidi, lakini mazoea ya kushauri kila mtu avae rangi ya mchanga yamebaki. Rangi hiyo juu ya ngozi ya maji ya kunde mara nyingi huufifisha mwili wote. Mimi hurudia haradali, zumaridi, maruni na bluu nzito, ila si kama amri. Chukua vipande vya vitambaa, vishike kimoja kimoja chini ya kidevu karibu na dirisha, na mtu akupige kwa simu. Utaona mwenyewe kipi kinauamsha uso.

Utakapofanya jaribio hilo, angalia pia chini ya taya. Nyekundu kali, chungwa ya kuwaka na kijani cha limau hurudisha rangi yao shingoni, na kuiondoa kwenye kompyuta ni kazi ya kuchosha. Satini huvunja flashi vipande vipande. Mistari myembamba na draftidrafti ndogo ndiyo mibaya kuliko zote: vinukta vya kamera vimepangwa kwa safu, nusu yake vikipokea kijani na vilivyobaki vikigawana nyekundu na bluu, na mistari ya nguo ikikaribia upana wa safu hizo hutokea mawimbi ya rangi yanayoitwa muare. Macho yako hayatayaona mpaka picha ifunguliwe. Kitenge chenye maua makubwa hakina shida hiyo, ila kina sauti. Kivae kama sketi, juu uweke kitambaa kimoja kisicho na ua. Kikiwa kipya kifue kwanza, ule wanga wa dukani unakifanya kisimame kama boksi.

Vazi la ndani ndilo linaloharibu picha nyingi. Sidiria ya "rangi ya mwili" inayouzwa madukani mara nyingi ni rangi ya mwili wa mwingine. Chini ya blauzi nyeupe inapiga kelele, ilhali ya kahawia inayokaribia ngozi yako inapotea. Blauzi nyeusi nyepesi ijaribu kwa flashi usiku uliotangulia, kwani flashi hupenya. Siku ya kazi vaa nguo ya kuachia mpaka studio: alama za lastiki za soksi na sidiria huchukua muda kutoka, na wote mtakuwa mnazisubiri.

Kwa anayevaa hijabu, chagua kitambaa cha jezi kisichong'aa, cha rangi moja, kinachoachana na rangi ya ngozi ili umbo la uso lisomeke. Mpaka wako uuseme kabla ya siku ya kazi, kwa maandishi. Halima Aden, aliyezaliwa mwaka 1997 katika kambi ya Kakuma nchini Kenya, alivaa hijabu na burkini kwenye Miss Minnesota USA mwaka 2016, na mwaka uliofuata aliposaini na wakala wa IMG alitaka mkataba useme kwamba hijabu haijadiliwi. Hata hivyo Novemba 2020 aliacha kazi za jukwaani, akieleza kwamba alikuwa amelegeza mambo ya dini yake kuliko alivyotaka. Kama yeye aliye na mkataba aliyumbishwa, asiye na karatasi yoyote atayumbishwa mapema zaidi.

Hilo linawahusu wote. Vazi la kuogelea linaweza kuombwa kihalali, ila liombwe mapema, kuwe na chumba cha kubadilishia, na aliye chini ya miaka 18 awe na mzazi au mlezi wake. Atakayekutaka uvue papo hapo, utume picha za nusu uchi kwa simu au ulipie ili uonekane, hatafuti mwanamitindo. Chukua viatu vyako uondoke, na mwambie mtu wa nyumbani siku hiyo hiyo.