UA LA CHUI LANIUMBUA BUTIAMA

Wiki hii nakupa kisa kilichoniumbua mwenyewe. Ruksa kucheka, ila umalize kwanza.

Mchumba wangu anakaa Bunda, mimi niko Musoma. Siku yake ya kuzaliwa ilikaribia na mfukoni hali tete. Nikakumbuka kwamba kwa shangazi, Butiama, kuna mti mkongwe wenye okidi: maua ya njano yenye madoa ya kahawia kama ngozi ya chui, yanaota juu ya tawi bila kugusa udongo. Wataalamu huyaita Ansellia africana. Nikadandia gari, kufika tu nikapanda mti na panga mkononi.

"Wewe, shuka!" Shangazi huyo, na mwiko wake.

"Shangazi, usijali. Nitakuletea jingine la dukani, kutoka Dar, jeupe, kubwa kuliko hili. Okidi ni okidi."

"Hilo lako litazaa na haya ya hapa, baba?"

Nikaishiwa pozi. Nikashuka mikono mitupu, na niliporudi Musoma nikamfuata mwalimu mmoja wa bayolojia.

Iko hivi. Ndani ya seli kuna nyuzi zinazobeba urithi, zinaitwa kromosomu. Mimi na wewe tunazo 46, nusu za baba, nusu za mama. Okidi sasa, kasheshe! Kuna kadogo ka Amerika, Erycina pusilla, kenye 10 au 12 tu, na kuna ya Brazil, Epidendrum cinnabarinum, yenye 240. Kwa miaka mingi mno nyuzi hizo zimekuwa zikiungana na kukatika. Wakati mwingine seli hukosea kugawanyika, mmea ukajikuta na seti maradufu. Mmea huo haupatani tena kirahisi na wazazi wake, unaanza ukoo wake wenyewe. Ndivyo aina mpya zinavyozaliwa.

Yale meupe ya dukani, Phalaenopsis, huko porini Asia yana 38. Wafanyabiashara wa maua wakapenda yenye 76, kwa sababu ni makubwa. Sasa ozesha la 76 kwa la 38: mtoto ana 57, seti tatu zisizogawanyika kwa mbili, na mara nyingi ni tasa. Usishangae, tasa wa namna hiyo unamla kila siku! Ndizi nyingi zina 33, yaani seti tatu za 11, ndiyo maana hazina mbegu na tunapanda machipukizi.

Na hilo la dukani na la Butiama si hata ndugu wa karibu. Ningeng'oa la shangazi, jeupe langu lisingeziba pengo hata lingechanua mwaka mzima. Tena ua la chui IUCN wameshaliweka kwenye orodha ya mimea iliyo hatarini: watu wanaling'oa wakauze, na miti yake inaishia kwenye mkaa.

Wiki iliyofuata nikaenda kuomba radhi. Shangazi akanipa mkungu wa ndizi, nimpelekee mkwe wake Bunda.

Mkwe alinuna mpaka Jumapili.