Kaunti ikichelewa kulipa, mwananchi hununua ghali

Nina duka dogo la vifaa vya ujenzi huku Pwani. Miaka kadhaa iliyopita nilipata LPO yangu ya kwanza kutoka serikali ya kaunti: mabati, mbao na misumari ya kuezeka zahanati. Nilikopa, nikapeleka mzigo kwa siku nne, nikatiliwa sahihi. Nilidhani hela zangu zingeingia mwezi ujao. Zilikuja baada ya miezi 22.

Katika muda huo niliuza pikipiki ya dukani na nikamwachisha kazi kijana mmoja. Kwa hivyo ilipokuja nafasi ya pili, nakiri, sikuandika bei ninayompa fundi anayelipa pale pale. Niliongeza. Zahanati ile nyingine ikapata mabati ya chumba cha kujifungulia, lakini pesa zikaisha kabla ya kibanda cha wagonjwa kuezekwa. Kina mama walibaki wakisubiri chini ya mwarobaini. Hakuna aliyetoa hongo, ila hasara ilikuwepo, na mimi nilichangia.

Tukizungumzia ununuzi wa kaunti, wengi wetu tunakumbuka kashfa tu, kama zile wilbaro 10 ambazo Kaunti ya Bungoma ilinunua mwaka 2015 kwa Sh109,320 kila moja. Kashfa ni mbaya. Lakini kuna upotevu wa kimya unaotokea kila siku, nao ni huu wa kuagiza bila pesa kuwepo na kulipa mtu akiwa tayari amechoka.

Hesabu yake ni nyepesi. Tuseme nauza bidhaa za Sh500,000 kwa mkopo wenye riba ya asilimia 15 kwa mwaka. Nikikaa miaka miwili bila kulipwa, riba pekee ni Sh150,000. Mfanyabiashara aliyeumwa mara moja ataiweka pesa hiyo ndani ya bei mapema. Asiyeweza kuiweka atapeleka mabati membamba au rangi nyepesi. Na mwenye duka mwaminifu ataacha kuomba zabuni kabisa, abaki tajiri mwenye uwezo wa kungoja. Ushindani unakufa, na bei inapanda tena.

Tatizo si dogo. Kufikia mwisho wa Juni 2024, kaunti zote 47 zilikuwa na madeni ya zaidi ya Sh170 bilioni. Ni kweli kwamba Hazina ya Taifa nayo huchelewesha mgao wa kaunti. Lakini hiyo haielezi kwa nini maagizo hutolewa kwa kazi ambazo hazina fungu kwenye bajeti.

Sheria tunayo. Kifungu cha 227 cha Katiba kinataka ununuzi wa umma uwe wa haki, wa usawa, wa wazi, wenye ushindani na usiopoteza pesa. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2015, katika kifungu cha 53, inamkataza afisa mwenye dhamana kuanza ununuzi wowote kabla hajaridhika kwamba pesa za kutosha zimo kwenye bajeti iliyopitishwa. Akifanya hivyo kwa kujua, ni kosa. Sheria hiyo hiyo inakataza kuigawa zabuni vipande vipande ili kukwepa ushindani, na inataka bidhaa za kawaida zinunuliwe kwa bei ya soko.

Kwa hivyo kaunti zetu za Pwani zinaweza kuanzia wapi? Nina mapendekezo manne, na hakuna hata moja linalohitaji sheria mpya.

Kwanza, mpango wa ununuzi wa mwaka utoke mapema, kila wadi ione chake. Mwaka wa fedha huanza Julai 1. Idara ikilala hadi Mei kisha ikakimbilia kununua kila kitu Juni, hakuna wa kulinganisha bei wala wa kukagua mzigo vizuri.

Pili, madeni yalipwe kwa foleni. Aliyepeleka mzigo kwanza alipwe kwanza, na orodha ibandikwe kwenye ubao wa matangazo na tovuti ya kaunti. Pasipo foleni ya wazi, ndipo huzaliwa yule mtu wa kukuambia, "Nipe kitu kidogo, niisukume faili yako."

Tatu, kamati ya kukagua na kupokea bidhaa ifanye kazi kweli kweli. Isiwe sahihi ya mezani. Bati lipimwe unene, mifuko ya saruji ihesabiwe, na mkuu wa zahanati au shule inayopokea awepo.

Nne, wadogo walindwe. Sheria imetenga asilimia 30 ya zabuni kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, na inataka kaunti iwatengee wakazi wake angalau asilimia 20. Lakini kikundi cha kina mama kisicho na akiba hakiwezi kungoja miaka miwili. Huishia kumkodisha tajiri jina lao, wao wapewe cha kununulia chai. Wakilipwa ndani ya mwezi, asilimia hizo zitakuwa na maana.

Wapo wanaosema mfumo wa kununua kwa mtandao utamaliza haya yote. Naunga mkono kompyuta, kwa kuwa huacha alama ya nani alifanya nini. Lakini kompyuta hailipi deni. Dawa ya deni ni kulipa.

Nasi wananchi tuna kazi. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inakupa haki ya kuiandikia kaunti ukiuliza zahanati yenu ilitengewa kiasi gani, zabuni alipewa nani na kwa bei gani. Inapaswa kujibu ndani ya siku 21. Ikikataa, unaweza kulalamika kwa Tume ya Haki ya Utawala. Na ukiomba zabuni ukaona umedhulumiwa, una siku 14 pekee za kupeleka malalamiko kwa bodi ya rufaa za ununuzi. Usikae nyumbani ukinung'unika hadi zikaisha.

Kwenye kikao kijacho cha bajeti katika wadi yako, muulize mwakilishi wako swali moja: mradi huu pesa zake zipo, na aliyepeleka mzigo mwaka jana amelipwa? Mimi nitakuwa pale na LPO yangu ya zamani mfukoni. Siku nikilipwa kwa wakati, bei yangu nitaishusha, na kile kibanda kitaezekwa.