Wavu wa Mbu Nyumbani: Uzibwe au Uwekwe Mpya?

Mvua za masika zinapokaribia, wakazi wengi wa Pwani hugundua kwamba nyavu za madirisha, milango na baraza zimetoboka au zimeshika kutu. Swali linalofuata huwa ni la mfuko: je, kuziba matundu kunatosha, au fundi aitwe abandue wavu wote na kuweka mwingine? Uamuzi usio sahihi una hasara pande zote mbili. Mwenye nyumba anaweza kutupa wavu ambao bado ungefaa, au familia ikalala ikidhani imekingwa huku mbu wakiingia.

Mbu wa Anofelesi, anayeeneza malaria, huuma zaidi usiku. Aedesi, anayeeneza dengi na chikungunya, huuma mchana, wakati hakuna aliye ndani ya chandarua. Chikungunya ilizuka Mombasa mwishoni mwa 2017 na kuendelea hadi 2018. Mwaka 2021, Shirika la Afya Duniani liliingiza uwekaji wa nyavu kwenye nyumba katika mapendekezo yake ya kuzuia malaria.

KAGUA KABLA YA KUNUNUA

Ukaguzi ufanyike mchana, mtu akiwa ndani na taa zimezimwa. Mwanga wa nje utaonyesha matundu na nafasi kati ya fremu na ukuta. Kisha fanya majaribio matatu:

1. Sukuma wavu kwa kidole. Wavu mzima hunepa na kurudi mahali pake. Ukikatika, au ukiacha unga wa kutu mkononi, umechakaa.

2. Choma fremu ya mbao kwa ncha ya bisibisi. Ikizama kwa urahisi, mbao imeoza au imeliwa na mchwa.

3. Funga mlango wa wavu uone kama unakaa sawasawa. Mwanya chini ya mlango huingiza mbu kama tundu lingine lolote.

Angalia pia juu ya ukuta. Katika nyumba nyingi za makuti na za mabati zisizo na dari, kuna uwazi kati ya ukuta na paa, na mbu wa malaria hupenda kupita hapo. Ikiwa uwazi huo haujazibwa kwa wavu, pesa zianzie huko kabla ya kubadilisha wavu wa dirisha hata mmoja.

WAKATI WA KUZIBA

Kuziba kunafaa ikiwa matundu ni machache na madogo, wavu uliobaki ni imara na fremu ni nzima. Kata kiraka kinachozidi tundu kwa sentimita 2 au 3 kila upande. Wavu wa plastiki ushonwe kwa uzi wa nailoni au mshipi wa kuvulia samaki; wavu wa waya ushonwe kwa waya mwembamba. Gundi ya karatasi haidumu juani. Wavu uliochomoka pembeni tu hauhitaji kubadilishwa: uvutwe na kupigiliwa upya. Mlango usiofunga vizuri mara nyingi huhitaji bawaba au komeo tu.

WAKATI WA KUBADILISHA

Badilisha wavu ukikatika kwa kuguswa, kutu ikienea, au kiraka kipya kikikosa mahali imara pa kushikia. Fremu ikioza, usiweke wavu mpya juu yake, utachomoka tena. Kipimo rahisi ni hiki: ikiwa fundi anadai zaidi ya nusu ya gharama ya kuweka mpya, na wavu wenyewe ni mkuukuu, ni afadhali kubadilisha.

Si lazima nyumba nzima ifanywe kwa siku moja. Anza na vyumba wanamolala watoto wadogo na akina mama wajawazito, ambao malaria huwadhuru zaidi.

KUCHAGUA WAVU

Karibu na bahari, hewa ya chumvi hula waya wa chuma upesi, hata uliopakwa zinki. Alumini hustahimili zaidi, na chuma kisichoshika kutu hudumu zaidi ya hapo ingawa bei yake ni ya juu. Wavu wa plastiki haushiki kutu, lakini jua huudhoofisha, na paka na panya huuchana. Misumari nayo isiwe ya kushika kutu.

Wavu wa kawaida wa mbu una nyuzi 18 upande mmoja na 16 upande wa pili katika kila inchi. Ulio na nafasi kubwa kuliko hiyo unaweza kupitisha mbu. Uliobana zaidi hupunguza upepo na kuongeza joto.

Pima kabla ya kwenda dukani. Dirisha la sentimita 120 kwa 90, likiongezewa sentimita 5 kila upande, linahitaji kipande cha sentimita 130 kwa 100. Madirisha manne ya aina hiyo yatatumia mita 5.2 za roli yenye upana wa mita 1 au zaidi.

WAPANGAJI NA USALAMA

Mpangaji akubaliane kwanza na mwenye nyumba, kwa maandishi, nani atalipa na wavu utakuwa wa nani akihama. Dirisha linaloweza kutumiwa kutokea moto ukizuka liwekewe wavu unaofunguka kutoka ndani. Wavu usifunikwe kwa nailoni au magunia, hasa panapotumika jiko la makaa, kwani moshi na hewa yake yenye sumu huua.

Wavu wa dirisha hauchukui nafasi ya chandarua. Chandarua kinachotumika kisikatwe kutengeneza viraka, na maji yaliyotuama kwenye ndoo, mitungi na magurudumu makuukuu yamwagwe kila wiki. Mtu akipata homa, afike kituo cha afya siku hiyo hiyo apimwe.