Maelezo ya DHIS2: nani anayaandika, na kwa nini yanamhusu muuguzi wa Mpofi

Kila mwisho wa mwezi, katika vituo vya afya vya Masisi na Walikale, kuna kazi ambayo wagonjwa hawaioni. Infirmier titulaire anafungua registre, anahesabu watoto walioshikwa na malaria, wamama waliozaa, chanjo zilizotolewa, kisha anajaza canevas ya SNIS. Karatasi ile inaondoka na pikipiki, ao kwa miguu pale barabara imekatika, mpaka bureau central ya zone ya afya. Kule njo mtu anaingiza hesabu katika kompyuta, ndani ya programu inayoitwa DHIS2. Ikiisha kuingia, wakubwa wa jimbo na wa Kinshasa wanaweza kuiona. Kongo ina zone za afya 519, na 34 kati yazo ni za Kivu ya Kaskazini.

DHIS2 ni programu huria. Msimbo wake uko wazi, inchi yoyote inaweza kuichukua na kuirekebisha bila kulipa leseni (seva, intaneti na mafunzo, hayo bado yanalipiwa). Mizizi yake iko Afrika ya Kusini, miaka ya 1990, wakati serikali mupya baada ya ubaguzi wa rangi ilikuwa inatafuta njia ya kuunganisha takwimu za afya zilizotawanyika. Baadaye Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, kikaongoza kazi ya kuiandika upya ili itumike kupitia intaneti, na Kenya ikaisambaza inchi nzima mwaka 2011. Leo inchi zaidi ya 70 zinaitumia.

Programu kubwa namna hii haiendi bila maelezo yaliyoandikwa. DHIS2 ina tovuti yake ya maelezo, nayo imegawanywa kufuatana na msomaji: anayetumia, anayeanzisha mfumo, anayesimamia seva, anayeandika programu. Watu wengi wa zone hawajawahi kuifungua. Wamejifunza kwa kuonyeshwa na mwenzao, na mwenzao alionyeshwa na mwingine. Hapo njo matatizo yanaanzia.

Tuseme mwezi huu kituo hakikupata mtoto hata mmoja wa surua. Muuguzi anaandika 0. Kwake ile 0 ni habari: tuliangalia, hakuna. Lakini DHIS2, kama hakuna aliyebadilisha mpango wake wa kawaida, haihifadhi sifuri. Inaichukua sawa na nafasi tupu, ili hifadhidata isijae bure. Kuna mahali pa kuamuru sifuri ihifadhiwe, kwa kila kipengele cha data peke yake, na uamuzi ule ni wa wale wanaosimamia mfumo wa inchi, si wa mtu wa zone. Jambo hili limeandikwa kwenye tovuti, maneno machache tu, ndani ya ukurasa mrefu wa usimamizi. Asiyeyasoma ataona pengo kwenye jedwali na kusema kituo hakikutuma kitu. Ao, mubaya zaidi, ataona pengo na kulihesabu kuwa sifuri, kumbe kituo kilifungwa wiki tatu sababu ya mapigano na watoto waliugua porini bila kuandikwa popote. Ni mambo mawili mbalimbali kabisa, lakini kwenye skrini yanafanana.

Kuna tena kitufe cha kuthibitisha kwamba fomu imekamilika. Asilimia ya ripoti zilizofika inahesabiwa kwa kitufe kile, haihesabiwi kwa tarakimu zilizojazwa. Mtu anaweza kuingiza canevas yote ya Mpofi, kila mstari, halafu akafunga kompyuta bila kubonyeza. Kituo kitaonekana hakikuripoti, na mkutano wa mwezi utaanza kwa kumulaumu muuguzi asiye na kosa.

Nani basi anaandika maelezo haya? Si kitabu kilichochapwa mara moja. Kila ukurasa ni faili ya maandishi ya kawaida, inayotunzwa kwenye GitHub, mahali pale pale panapotunzwa misimbo mingi ya programu huria. Timu ya Oslo inaandika sehemu kubwa, lakini mtu wa nje akikuta kosa anaweza kupendekeza sahihisho. Pendekezo lake linasomwa, na likikubaliwa linaingia. Kila mabadiliko yanabaki na tarehe na jina la aliyeyafanya. Tafsiri, Kifaransa kikiwemo, inapitia Transifex, ambako maandishi yanakatwa vipande na kila kipande kinasubiri mtu wa kukitafsiri. Kipande kisichotafsiriwa kinabaki Kiingereza katikati ya ukurasa wa Kifaransa. Kwa mtu wa zone aliyesoma kwa Kifaransa, mara nyingi hapo njo anafunga ukurasa.

Kuandika mara ya kwanza si kazi ngumu sana. Ngumu ni kufuata programu inavyobadilika. Katika toleo la 2.34, la mwaka 2020, majedwali yaliyokuwa na programu yao peke yake yaliunganishwa ndani ya Data Visualizer. Kitabu cha mafunzo kilichochapwa kabla ya hapo kinaendelea kumutuma msomaji kwenye njia ya zamani, na msomaji anadhani yeye ndiye hajui. Sababu hiyo tovuti inaweka maelezo ya kila toleo mbali, na msomaji anachagua lake juu ya ukurasa. Anayeingia kupitia Google anaweza kuangukia maelezo ya toleo lisilo la inchi yake bila kujua. Kuangalia namba ya toleo kwanza kunachukua sekunde tano, na kunaokoa asubuhi nzima.

Habari nyingine iliyo muhimu kwa Masisi na Walikale ni ile ya kazi bila mtandao. DHIS2 inaruhusu kuingiza data hata mtandao ukikatika; tarakimu zinakaa ndani ya kivinjari cha kompyuta ile mpaka mtandao urudi, kisha zinatumwa. Lakini akija mtu akasafisha kumbukumbu za kivinjari kabla ya kutuma, zimepotea. Sentensi hii ingefaa kubandikwa ukutani karibu na kila kompyuta ya zone.

Lakini Oslo haiwezi kuandika kila kitu. Tovuti inaeleza kitufe kinafanya nini; haielezi mgonjwa aliyekimbia kutoka kijiji kingine ahesabiwe wapi, wala « cas nouveau » kwenye canevas maana yake ni gani pale mtoto anaporudi na malaria baada ya siku kumi. Hayo ni ya mwongozo wa inchi na wa zone yenyewe, na ule mwongozo pia unahitaji mtu wa kuutunza: jina lake, tarehe ya mwisho ya kuurekebisha, nakala moja inayojulikana kuwa ndiyo ya kweli. Katika eneo ambako vita inahamisha wauguzi mara kwa mara, anayekuja nyuma mara nyingi anakuta registre na canevas, lakini yule aliyejua kuzijaza ameshakwenda.

Mwenye intaneti Goma, Bukavu ao Bunia, anayesoma Kiingereza na kuandika Kifaransa safi, anaweza kufungua akaunti ya Transifex bila malipo, kuomba kujiunga na timu ya Kifaransa ya DHIS2, na kuanza na kurasa za kuingiza data. Njo zile anazohitaji mtu wa bureau central mwanzo wa kila mwezi, wakati canevas za vituo zinafika zote kwa pamoja.